Kila Jumatatu Nilitoka Nje

14 Machi

Mdogo wangu,

Naamini hii itakukuta mzima, na macho yako bado hayajaunguzwa na moto wa kuchomelea. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linadai heshima kila nikiona ngazi. Paa la nyumba ya wazazi linavuja upande wa jikoni. Nilimwita fundi, akaja, akatazama juu, akatikisa kichwa, akaondoka, na mpaka leo hiyo ndiyo kazi aliyoifanya. Mjomba, ambaye bado ninaye hapa chumba cha nyuma, anakusalimu. Masikio yake yamezidi kuwa mabovu, isipokuwa akitajwa yeye.

Sasa habari yenyewe. Nimechaguliwa kuwa mratibu wa Kituo. Utakumbuka nilikuandikia kwamba tangu nistaafu ualimu najitolea pale kwenye ile karakana ya zamani ya redio, nyuma ya ofisi ya maji. Ungeiona leo usingeijua. Tumepaka rangi, tumeomba madawati mabovu shuleni tukayagonga misumari, na kila alasiri watoto wa mtaa wanakuja kufanya masomo yao na kunywa chai na mkate. Vijana waliokwisha kuacha shule wanafundishwa kushona na useremala. Na kila nyumba yenye shida tumeipangia mtu wa kuitembelea kila wiki, ajue kama wamekula, nani anaumwa, mtoto gani haendi shule. Hakuna anayelipwa hata nauli. Wapo waliokuja kwa ajili ya kupigwa picha. Hao nimewapa ufagio, wamepungua wenyewe.

Wanao wote wawili wanakuja. Chiriku bado anaongea mpaka chai yake inapoa, na Bonge anamsaidia kuimalizia. Usiwe na wasiwasi nao, wako chini ya macho yangu.

Andika. Na usiniletee zile barua zako za mistari minne.

Dada yako


9 Aprili

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeipata juzi. Gari la posta huku linakuja likijisikia, na simu ya kambini ni ya wakubwa, sisi wachomeleaji tunaitazama tu kupitia dirishani. Hongera kwa cheo. Ila usijitie kushangaa, wewe umezaliwa mratibu. Sisi ulikuwa ukituratibu mpaka upande wa kulalia.

Mimi mzima. Tumeanza kuchomelea malango ya bwawa, vyuma vinene ajabu, na msimamizi wetu ni mtu wa kupayuka kutwa. Nalala chumba kimoja na fundi bomba, mtu mwema sana akiwa macho, lakini akilala anakoroma hadi bati linaitikia. Anakusalimu ingawa hakujui.

Dada, lililonifanya nikae kuandika ni moja. Barua za mama watoto zimebadilika. Zamani alikuwa anajaza karatasi pande zote mbili, halafu ananigombeza pembezoni kwa maandishi madogo. Sasa ni mistari mitatu, tuko salama, usijali, na mwandiko ni wa Chiriku. Nimemuuliza kulikoni, ananijibu vilevile. Roho yangu iko juu juu.

Najua wewe na wifi yako hamuivi chungu kimoja tangu mwaka jana. Sikuuliza kisa chake na siulizi leo. Ninaloomba ni uende nyumbani kwangu, uketi naye, umtazame usoni, kisha uniandikie ulichokiona. Ni mitaa miwili tu kutoka kwako.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Nimefurahi kukusikia mzima. Mvua zimezidi na paa nalo limezidi. Nimetega ndoo jikoni na sasa napika kwa kupiga chenga. Mjomba aliteleza bafuni, lakini kilichoumia zaidi ni heshima yake.

Kuhusu nyumba yako, tulia. Kituo kina mtu anayeitembelea, na aliyempanga ni mimi. Ni yule fundi cherehani mwenye kibanda karibu na shule, mjane, mwanamke mtaratibu, hakosi siku yake hata inyeshe vipi. Utauliza kwa nini si mimi. Ni kwa sababu nimeweka sheria, na siwezi kuwa wa kwanza kuivunja: hakuna kutembelea nyumba ya ndugu yako. Mratibu aliyenitangulia aliwapeleka ndugu kwa ndugu, na kilichotokea ni umbea kutoka nyumba hii kwenda ile, na mashemeji kugawiana mikate ya watoto. Mimi nimefagia hayo yote. Kila Jumatatu tunakutana kuzungumzia nyumba moja moja. Ikifika nyumba ya ndugu wa mtu, mtu huyo anatoka nje mpaka imalizike, na hakuna wa kumwambia kilichosemwa. Ikifika zamu ya nyumba yako nami natoka, nasimama uani, kila mtu ananiona. Wiki hizi nimesimama muda mrefu kidogo, mpaka goti linalalamika, na sijamuuliza yeyote. Ukitaka watu wakufuate, lazima waone sheria inakuuma na wewe.

Kwa hiyo nakujibu kwa ukweli kabisa: sijasikia baya lolote.

Bonge ameumia mkono, michezo ya watoto. Nilimfunga kitambaa mwenyewe pale Kituoni. Hatuwaulizi watoto mambo ya nyumbani kwao mbele ya wenzao, lakini alikuwa mkakamavu, hakulia. Chiriku naye amekuwa mtulivu. Anakuja kukaa na daftari lake karibu na meza yangu, hasumbui mtu. Nadhani umri unamfundisha adabu.

Na wewe likizo yako lini?

Dada yako


11 Juni

Dada, shikamoo.

Pole kwa goti, na mjomba mpe pole yake, umpe kwa sauti. Huku tuko salama. Yule msimamizi mpayukaji ameugua, amerudishwa kwao, na sasa kambi nzima inajiuliza nani atavaa kofia yake nyeupe. Sisi wengine tunavaa za njano.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, nikampa na fundi bomba aisome, nikidhani labda mimi ndiye nisiyeelewa. Dada, sikukuuliza umesikia nini. Nilikuuliza umeona nini. Umenieleza sheria kana kwamba mimi ni mgeni rasmi nimekuja kukagua Kituo. Mimi ni mdogo wako, nakuomba ukamwone mke wangu.

Chiriku kuwa mtulivu? Mtoto aliyekuwa akiongea hata usingizini? Na Bonge, ninavyomjua mimi, akikwaruzwa na paka mtaa mzima unapata taarifa. Mtoto wa kulia vile akinyamaza, usiniambie amekuwa mkakamavu.

Likizo, mambo ya huku hayatabiriki. Kazi imebana. Nikipata nafasi nitakuja mbio, sihitaji kukumbushwa.

Nenda, dada. Uache uratibu wako mlangoni, uingie.

Mdogo wako


1 Julai

Mdogo wangu,

Salamu zako nimepata. Paa limezibwa na fundi mwingine, sasa limehamia kuvuja sebuleni. Mjomba anatembea kwa fimbo, na kazi kubwa ya hiyo fimbo ni kunyooshea watu.

Nimepita kwako Jumapili kama ulivyotaka. Sikuingia. Nilipita barabarani, nikatazama. Nguo zilikuwa zimeanikwa, za mama na za watoto, zimefuliwa vizuri, na uani pamefagiwa. Nyumba ya namna hiyo haina mgonjwa. Nimefundisha maisha yangu yote, nimeingia nyumba za kila aina, na nyumba yenye shida naijua kabla sijafika mlangoni.

Na kwa kuwa umenichokonoa, nitakwambia kwa nini sikuingia. Mwaka jana, ulipokuwa umeshaondoka, nilikwenda kumsalimia mkeo. Nikafunua sufuria moja jikoni nione watoto wamepikiwa nini. Kuna kosa gani hapo? Wifi akanipa za uso mbele ya jirani. Akasema, "Ukija kama wifi, karibu. Ukija kama mkaguzi, ukaguzi wako upeleke huko Kituoni." Basi nimeupeleka Kituoni kama nilivyoagizwa. Asiyenitaka jikoni kwake simsukumii mlango.

Likizo yako lini? Nimeuliza mara ya pili sasa, na wewe ni mtu unayependa watu wajibiwe.

Dada yako


4 Agosti

Dada,

Leo salamu zitanisamehe.

Nimepata barua kutoka kwa fundi cherehani. Anasema amechelewa kuniandikia kwa sababu mke wangu alimwomba asiniandikie, alitaka nimalize kazi kwa amani. Safari hii hakumsikiliza, kwa sababu mke wangu alikuwa amelazwa na kufanyiwa upasuaji, na watoto anakaa nao yeye fundi.

Alikuwa na uvimbe tumboni tangu mwanzo wa mwaka. Alikuwa anavuja damu. Kufikia mwezi wa nne alikuwa hawezi kusimama mpaka chai ichemke. Chiriku ndiye aliyekuwa anapika, anafua, anatoroka shule saa ya mapumziko kwenda kumgeuza mama yake kitandani. Bonge aliungua mkono kwa maji ya moto, alipokuwa akimsaidia dada yake kuinua sufuria. Zile nguo ulizoziona kwenye kamba, dada, alizianika Chiriku, amepanda juu ya ndoo ili aifikie kamba. Anaifikia kwa shida hata hivyo. Hukuona ndoo?

Hayo yote fundi cherehani aliyasema kwenye mkutano wa Jumatatu, wiki baada ya wiki. Aliomba ndugu waitwe. Wakamjibu kwamba ndugu yupo, ni mratibu, na sheria hairuhusu aambiwe. Akauliza basi nani avunje hiyo sheria. Wakasema ni mratibu peke yake. Na mratibu yuko uani, amesimama, kila mtu anamwona.

Watoto wangu walikuwa wanaletwa mikononi mwako kila alasiri. Ulilifunga jeraha la moto kwa mkono wako mwenyewe ukaliita michezo. Nina hasira na wewe, na sitajifanya sina.

Mdogo wako


25 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, kwa shikamoo ambayo hukuiandika.

Unataka nijute. Umeandika barua nzima ukisubiri nijute. Nitakwambia kitu kimoja: mgonjwa alikuwa na mdomo, na alikuwa na mtoto wa kutuma. Angetuma neno moja tu, ningekwenda nikiwa na kanga begani. Hakutuma kwa sababu alikuwa ananikomoa, na amejikomoa mwenyewe. Jeraha la Bonge nililiona likiwa limeshapakwa dawa na kufunikwa, nikalifunga upya kwa usafi. Vidonda vya watoto nimevifunga tangu hujajua kufunga kamba za viatu. Ile sheria imezilinda nyumba nyingi mtaani hapa zisitangazwe na ndugu zao, na nyumba hizo zinanishukuru. Wewe unaijua siku moja tu ya hiyo sheria.

Sasa nisikilize na mimi. Juma lililopita nilibishiwa hodi na mwanamume mmoja mpole, ana kifurushi cha sabuni ulichonitumia. Ni fundi bomba wako. Yuko likizo. Nikamkaribisha, nikamwekea chai, nikamuuliza imekuwaje yeye kapata nafasi na mdogo wangu hakupata. Hajui kudanganya yule. Akasema wachomeleaji ndio walikuwa wa kwanza kupewa likizo, mwezi wa Juni. Yako ulipewa, ukairudisha mwenyewe. Uliomba ukaimu usimamizi, kwa kuwa anayeondoka kambini hapewi kofia nyeupe.

Kwa hiyo siku uliponiandikia kwamba mambo ya huko hayatabiriki, ulikuwa na barua yangu mkononi yenye habari za mkono wa Bonge, roho yako iko juu juu, na ruhusa ya kwenda nyumbani iko mfukoni. Ukanituma mimi. Mimi nilikaa mbali mitaa miwili kwa sababu ya sheria. Wewe ulikaa mbali safari ya siku nzima kwa sababu ya kofia.

Mjomba anakusalimu. Sijamweleza, lakini nadhani safari hii amesikia.

Dada yako


28 Septemba

Dada, shikamoo. Imeandikwa hiyo, usiseme imepotea njiani.

Mimi mzima. Fundi bomba amerudi na hatusemeshani. Analala ameelekea ukutani, na sasa hata kukoroma amepunguza.

Jambo la kofia hulielewi. Msimamizi anapewa nyumba kambini, vyumba viwili na jiko, na anaruhusiwa kuleta mke na watoto. Mchomeleaji wa kawaida haruhusiwi. Nilikuwa nawatafutia hiyo nyumba. Sikutaka kuisema kabla haijawa yangu, watu wasije wakanicheka ikikosekana. Ningerudi Juni, ningewaona wiki mbili, kisha ningeondoka tena mwaka mzima. Piga hesabu mwenyewe, uniambie mwanamume angechagua lipi.

Sasa naomba tuache kurushiana maneno. Mke wangu bado yuko hospitali, kwa ninavyojua, maana hajaniandikia. Watoto wako kwa mtu baki huku shangazi yao yupo na ana nyumba yenye nafasi. Mtaa utasema nini? Nenda kwa fundi cherehani, mshukuru sana, uwachukue watoto wakae kwako mpaka mama yao apate nguvu. Kofia ikithibitishwa, nitakuja kuwachukua wote watatu. Mwonyeshe barua hii. Mimi ndiye baba yao, na wewe ndiye mkubwa wetu.

Ukilifanya hili, dada, mengine yote tuyazike.

Mdogo wako


20 Oktoba

Mdogo wangu,

Mjomba anaumwa kifua, na binti yake anataka kumchukua akakae kwake. Mimi mzima.

Nilikwenda. Nilivaa gauni la kijivu, nikabeba matunda na barua yako. Kibanda cha fundi cherehani kina chumba mbele chenye cherehani na vitambaa mpaka darini, na kingine nyuma cha kulala. Nilibisha hodi, nikakaribishwa, na mtu wa kwanza niliyemwona ni wifi. Ametoka hospitali tangu mwezi uliopita. Hakuna aliyeniambia, maana ile nyumba nayo ikifika zamu yake hunibidi kutoka. Alikuwa ameketi amekonda, mto mdogo ameukumbatia tumboni kuzuia mshono, anapachika vifungo kwenye mashati ya shule. Wala hakusimama.

Nilimpa barua yako. Akaisoma yote, akanirudishia, akaendelea na kifungo chake. Nikamwambia watoto wana shangazi, haifai kuwabebesha watu baki. Fundi cherehani akanyanyuka akaenda chumba cha nyuma, akafunga mlango. Mwanamke ana adabu, hilo nalisema hata kama nina uchungu naye.

Ndipo wifi akasema, taratibu kabisa, "Wifi, mimi sikukukataza kuja. Nilikukataza kufunua sufuria. Ungekuja ukakaa tu."

Nikamwambia alikuwa na uwezo wa kunitumia ujumbe. Akasema alituma. Akasema alimtuma mtu kwenye mkutano wangu kila Jumatatu, na kila Jumatatu mtu huyo alirudi akamwambia nimetoka nje. Kuhusu wewe alisema nikuandikie usije kuwachukua, kwa kuwa wao si mizigo uliyoiweka mahali ukaacha mpaka upate gari.

Mimi nilikuja kwa ajili ya watoto, kwa hiyo nikamwita Chiriku. Alikuja akanisalimu vizuri. Bonge alikuwa nyuma yake, kovu la mkono linang'aa mpaka kwenye kiwiko. Lile jeraha halikuwa dogo. Nikamwambia Chiriku akusanye nguo zake na za mdogo wake, baba yao ameagiza waje kwangu. Akamtazama mama yake. Mama yake akamwambia amjibu shangazi mwenyewe.

Akasema, "Shangazi, nilikuwa nakaa karibu na meza yako kila siku. Nilikuwa nangoja uniulize."

Nikamweleza kwamba si utaratibu wa Kituo kuwauliza watoto mambo ya nyumbani mbele ya wenzao.

Akasema, "Najua. Ndiyo maana nikaacha kukaa pale."

Mdogo wangu, mtoto mwenyewe ana miaka tisa. Niliweka matunda juu ya mashine, nikaondoka.

Jumatatu iliyofuata nilifungua mkutano kama kawaida. Ilipofika zamu ya nyumba ya fundi cherehani, kwamba sasa ina watu wanne na godoro halitoshi, nikainuka nitoke. Seremala wetu, anayefundisha vijana, akasema kwa heshima tu, "Kaa, Mwalimu. Mama watoto ametuambia yeye hana ndugu hapa Kituoni." Wengine wakainamisha macho. Nikakaa. Nikasikia yote, kuanzia mwanzo, pamoja na namna mtoto alivyokuwa akimwogesha mama yake kwa kitambaa kabla ya kwenda shule. Walizungumza vizuri sana, bila umbea hata chembe. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe.

Sijui unataka nifanye nini zaidi. Njoo. Hiyo kofia ivue, uje.

Dada yako


2 Desemba

Dada, shikamoo.

Pole kwa mjomba.

Kofia wamenithibitishia. Nyumba nayo wamenipa, vyumba viwili na jiko, kama nilivyokueleza. Nimeweka kitanda chumba kimoja. Chumba cha pili nimeweka buti zangu.

Mke wangu ameniandikia, kwa mkono wake mwenyewe, amejaza karatasi pande zote mbili. Amenieleza habari zake bila kuficha. Anajifunza kushona, Chiriku amerudi shule na amepewa nafasi ya kurudia mitihani, Bonge mkono unakunjuka karibu wote. Ananishukuru kwa niliyokuwa nikituma. Anasema haji huku na harudi kwenye ile nyumba yetu, na kwamba nikitaka kuwaona watoto, nimwandikie fundi cherehani mapema ili wawe wamejiandaa. Niligeuza karatasi nikatafuta ugomvi wake pembezoni. Pembezoni hakuniandikia hata neno moja. Nilitamani anitukane, dada. Mtu akikutukana bado ana hesabu na wewe.

Nilikuomba kitu kimoja tu. Mwezi wa Aprili, nilikuomba uende ukamtazame usoni. Ungekwenda siku ile, leo nisingekuwa na chumba cha buti. Nimejaribu kuliondoa hili moyoni nikashindwa, na nakwambia ili usidhani limeondoka.

Unasema nije. Nije wapi? Nifikie kwa nani, nipange foleni kwenye kibanda cha kushonea? Nimesaini kuendelea na kazi mpaka bwawa likamilike. Naomba usiniandikie tena habari za watoto. Zinanivuruga, na huku mtu ukivurugika juu ya vyuma unaanguka. Niandikie habari za nyumbani tu.

Mdogo wako


6 Januari

Mdogo wangu,

Nimefurahi kwamba kofia imethibitishwa. Juu ya vyuma uwe mwangalifu.

Habari za watoto nazinyamazia kama ulivyotaka, ingawa mimi ndiye ninayewaona wakipita. La Aprili nimelisoma. Sina jibu lake la kukuridhisha, na la Juni yako wewe hujanipa, kwa hiyo tumebaki hivyo.

Kituo kimepata mratibu mpya, yule seremala. Waliniomba nipumzike, wakanipa na kadi ya shukrani. Jambo la kwanza alilofanya ni kuifuta sheria ya kutoka nje. Sasa ndugu wa mtu anabaki ndani, anasikia, na mkutano ukiisha anatumwa yeye wa kwanza. Naambiwa inakwenda vizuri. Bado naenda Jumamosi kukata mikate, kwa kuwa wanaojitolea asubuhi ni wachache. Fundi cherehani hupita kuichukua ya nyumbani kwake, tunasalimiana, anaondoka.

Mjomba alihamia kwa binti yake baada ya mwaka mpya. Alilia mlangoni, nikamwambia ajikaze, ni mbali kidogo tu. Chumba chake nimekifagia.

Uliomba habari za nyumbani tu. Nyumbani nipo mimi peke yangu, na sijambo.

Dada yako